Kanuni za vifaa katika mbio za ngalawa: mwongozo kwa kamati za Mtwara na Lindi

Miaka michache iliyopita, kwenye mbio za sikukuu katika ghuba ya Mikindani, ngalawa moja ilitoka mstarini pamoja na wenzake, na kabla ya kufika boya la kwanza ilikwishawaacha mbali mno. Nahodha wake tulimjua. Alikuwa mzuri, lakini wapo waliokuwa wazuri kumzidi, na mwenyewe hakubisha. Kilichomkimbiza ni tanga: kitambaa chepesi cha nailoni kilichotoka kwenye boti ya wageni, kikubwa karibu mara moja na nusu ya matanga ya viroba na turubai waliyotweka wenzake. Wazee wakaja kulalamika. Kamati, nami nikiwemo, tukafungua daftari la kanuni. Kulikuwa na kanuni tatu tu: waanze pamoja, wazunguke maboya yote, wasipige kafi. Juu ya tanga hapakuwa na neno. Tukampa zawadi yake, maana alikuwa hajavunja chochote. Mwaka uliofuata ngalawa zilizojiandikisha hazikufika nusu ya zile za mwanzo.

Nahodha mmoja mtu mzima aliniambia jioni ile, akikunja tanga lake: "Mwanangu, upepo tumepewa wote. Kitambaa hatukupewa wote."

Tangu hapo nimekuwa nikipima ngalawa kabla ya mbio, na nimejifunza mengi kutoka kwa watu wa katamarani, zile boti zenye miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa mihimili. Katamarani ni ndugu wa ngalawa. Zote mbili hazibebi uzito wa chuma chini ili zisimame. Husimama kwa upana wake, na kwa hiyo tofauti ndogo ya tanga au ya uzito huonekana mara moja kwenye mwendo. Watu hao wamegombana kuhusu vifaa kwa zaidi ya miaka 50 na wamepata majibu ambayo sisi tunaweza kuyachukua bila kulipia. Mwongozo huu ni kwa kamati ya kijiji, kikundi cha BMU (kile cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi) au vijana wa mtaa wanaotaka kuandaa mbio ambazo watu watarudi mwaka unaofuata.

Hatua ya 1: Amueni mnashindanisha nini

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, kaeni na manahodha mkubaliane mshindi awe nani. Nahodha mjuzi kuliko wote? Fundi aliyechonga chombo bora? Au yeyote mwenye chombo chenye mbio? Kila jibu lina aina yake ya kanuni.

Aina ya kwanza ni vyombo sawa kabisa. Hobie 16, boti aliyoibuni Hobie Alter kule California, huendeshwa hivyo: mwili, mlingoti na matanga vyote hutoka kwa mtengenezaji mmoja, na mwenye boti haruhusiwi kuvibadilisha. Kwenye mashindano yao ya dunia waandaaji huleta boti wenyewe, na washindani hubadilishana kati ya mbio na mbio. Unakuja na mwili wako na akili yako tu.

Aina ya pili ni kanuni ya sanduku. Mnaweka mipaka michache, na ndani ya mipaka hiyo fundi yuko huru. Katamarani za A-Class, ambazo huendeshwa na mtu mmoja, ni mfano mzuri: urefu usizidi mita 5.49, upana usizidi mita 2.30, tanga lisizidi mita za mraba 13.94, na uzito usipungue kilo 75. Umbo la mwili ni juu yako.

Aina ya tatu ni kuacha kila chombo kilivyo na kusahihisha muda baada ya mbio. Hiyo nitaieleza mwishoni, maana inafaa pale tu vyombo vinapokuwa vya aina tofauti.

Kwetu, kila ngalawa imechongwa na fundi wake kutoka mti wake. Hakuna mwembe unaofanana na mwingine, na sipendi kanuni itakayomfunga fundi mikono. Kwa hiyo sanduku ndilo linalotufaa. Lakini lile wazo la kubadilishana vyombo lisipite hivi hivi, kwani kwa mbio ndogo ndiyo haki iliyo kamili na haina gharama. Chukueni ngalawa nne na manahodha wanne. Fanyeni mizunguko minne mifupi, kila nahodha apande kila ngalawa mara moja, ngalawa ikiwa na tanga lake na usukani wake kama vilivyo. Jumlisheni nafasi, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Hakuna kupima chochote. Kinachohitajika ni wenye ngalawa kukubaliana mapema, mbele ya watu, nani atalipa mrengu (mti unaoshika matengo ya ubavuni) ukivunjika. Tuliwahi kufanya hivi na vijana wa Msanga Mkuu na wa upande wa Feri, na siku ile kila mtu alikubali aliyeshinda, hata walioshindwa vibaya.

Hatua ya 2: Pimeni kwanza, andikeni baadaye

Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Mtu anakaa mezani, anaandika "urefu usizidi mita 6", kisha siku ya mbio anagundua nusu ya ngalawa za kijiji zina mita 6 na robo. Sasa ama awafukuze wenye vyombo, ama avunje kanuni yake mwenyewe siku ya kwanza. Kanuni iliyovunjwa na kamati hairudi tena kuwa kanuni.

Tembeeni pwani na futi kamba ya chuma. Msipime kwa dhiraa wala pima. Vipimo hivyo vimejenga vyombo vyetu vyote na ninaviheshimu, lakini dhiraa ya mtu mrefu si ya mtu mfupi. Tofauti ya vidole vinne kwa dhiraa moja huzidi nusu mita mkifika dhiraa kumi. Kwa kila ngalawa andikeni: urefu kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kwa mstari ulionyooka, bila usukani, upana kutoka ukingo wa nje wa tengo moja hadi ukingo wa nje wa jingine (matengo ni zile mbao za ubavuni zinazoelea, wengine huyaita ndubi), urefu wa kila tengo, urefu wa mlingoti na wa foromali (mti unaobeba tanga), eneo la tanga, na uzito.

Mkishapata ngalawa kumi au zaidi, yaangalieni majedwali. Tuseme tisa zina mita kati ya 5.6 na 6.3, na moja ina 7.1. Wekeni kikomo mita 6.4, ili kila chombo cha kawaida kiingie na fundi anayechonga kipya ajue mwisho wake. Ile ndefu msiitupe nje. Mwenyewe aliichonga kwa kuvulia samaki kabla yenu hamjafikiria mbio, hana kosa. Mwambieni inaruhusiwa kwa misimu miwili ikiwa na tanga dogo zaidi, na baada ya hapo itaingia kwenye mbio za kusahihishwa muda. Kanuni mpya haipaswi kumwadhibu mtu kwa jambo alilofanya lilipokuwa halali.

Hatua ya 3: Andikeni kanuni inayoweza kupimwa ufukweni

Kila sentensi ijiulize: mpimaji akiwa amesimama kwenye mchanga na futi kamba, mizani na macho yake, anaweza kujua imevunjwa? Kama hawezi, ifuteni. Kwa mfano, msihangaike na deheni. Wapo wanaopaka shahamu na chokaa chini ya chombo, wapo wanaotumia rangi, wapo wenye siri za babu zao. Huwezi kuipima siri ya babu, na bei yake si kubwa kiasi cha kumwacha maskini nyuma. Iacheni huru.

Jambo la pili ni kuchagua upande. Kuna kanuni za kusema "kisichokatazwa kinaruhusiwa", na kuna za kusema "kisichoruhusiwa kimekatazwa". Chagueni moja na muiandike kwenye mstari wa kwanza kabisa. Kwa mwili wa ngalawa mimi natumia ile ya kwanza, ili fundi apumue. Kwa tanga, mlingoti na kamba natumia ya pili, maana huko ndiko fedha huingilia.

Kutoichagua kulizaa kesi maarufu kuliko zote katika historia ya matanga. Mwaka 1988 huko San Diego, Wamarekani walikuwa wakitetea kombe la America's Cup dhidi ya New Zealand. Mpinzani, Michael Fay, alikuja na boti kubwa ya mwili mmoja yenye urefu wa futi 90 kwenye mstari wa maji, kama waraka wa kale wa kombe lile ulivyoruhusu. Wamarekani wakausoma waraka uleule, wakaona haukusema popote kwamba boti ya mtetezi lazima iwe na mwili mmoja, wakaunda katamarani ya futi 60 yenye tanga gumu kama bawa la ndege. Mbio mbili, zote wakashinda kwa mbali. Kisha kesi ikahamia mahakama za New York: mara kombe likanyang'anywa, mara likarudishwa, hadi 1990 mahakama ya juu ya jimbo ilipolithibitisha kuwa la San Diego. Waraka ulitaja ukubwa wa chombo, haukutaja chombo cha namna gani. Kwa hiyo nanyi andikeni jambo mnaloliona wazi mno kiasi cha kutotaka kuliandika: ngalawa ina mwili mmoja uliochongwa kwa mti, matengo mawili, mirengu miwili ya kuyashikilia, mlingoti mmoja, tanga moja la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali. Ikikosa kimojawapo, au ikizidisha, si ngalawa kwa mbio hizi.

A-Class nao walipata somo lao. Waliandika kanuni iliyokusudiwa kuzuia boti zisiinuke juu ya maji kwa mabawa ya chini. Wabunifu wakakaa nayo, wakapata umbo la bawa lililotimiza kila neno la kanuni, na boti zikainuka. Jamaa hawakuwafukuza waliobuni wala kuwalazimisha wengine kununua. Waligawa kundi mara mbili, Open kwa zinazoruka na Classic kwa zinazobaki majini. Mkikuta chombo cha namna mpya kinachofuata maneno yenu lakini kinaharibu mbio, kumbukeni njia hiyo: zawadi yake mwaka huu mpeni, mwaka ujao mpeni kundi lake.

Hatua ya 4: Tanga

Hapa ndipo pa kutumia muda wenu mwingi, kwa sababu tanga ndiyo injini.

Kitambaa kwanza. Orodhesheni kwa majina: marekani, turubai la dukani, viroba. Nunueni kipande cha kila kimoja, kifungeni kwenye daftari la kamati, na mpimaji alinganishe kwa mkono. Mkiwa na mfadhili, kuna njia iliyo safi zaidi: nunueni turubai la aina moja, likateni vipande sawa, na manahodha wavichukue kwa kura. Kila mtu ashone anavyojua. Hapo ufundi wa kushona unabaki kuwa sehemu ya mchezo, ila mfuko hauingii. Nimeona tanga la turubai lililoshonwa na mzee wa Mikindani likivuta kama la kitambaa cha ghali, kwa sababu alijua pa kuacha mfuko wa upepo na pa kukaza.

Kisha eneo. Litandazeni tanga kwenye sakafu ya saruji au mchanga ulioshindiliwa, bila foromali. Vuteni pembe tatu kiasi cha kuondoa makunyanzi tu, wala si zaidi. Pimeni upande mrefu kuliko yote, ambao kwa kawaida ndio unaofungwa kwenye foromali. Kutoka pembe iliyo mkabala nao, pimeni mstari unaokutana na upande huo kwa pembe mraba. Zidisheni hivyo viwili, gaweni kwa mbili. Upande wa mita 6 na kimo cha mita 4 ni mita za mraba 12.

Watu wengi huishia hapo, nao mafundi wajanja wanajua. Wanashona ukingo wa nyuma ukiwa umebinuka, na kile kibinuko hakimo kwenye hesabu. Vuteni kamba iliyonyooka kutoka pembe hadi pembe, mpime urefu wake, kisha pimeni kina cha kibinuko pale kilipo kirefu zaidi. Zidisheni viwili hivyo, na mchukue theluthi mbili. Kamba ya mita 5 na kina cha sentimita 18 huongeza mita za mraba 0.6. Ukingo ukiwa umeliwa kwa ndani, hesabu ileile inapunguzwa. Kwenye tanga la mita 12, hiyo 0.6 ni asilimia 5. Katika upepo mwanana wa asubuhi, asilimia 5 ya tanga ndiyo tofauti ya mshindi na wa nne.

Mwisho, idadi. Chombo kibebe tanga moja, na lile lililopimwa ndilo litwekwe. Tanga la akiba likae kwa kamati, nalo liwe limepimwa. Kwa nini nasisitiza? Kwenye Olimpiki ya 2008, mbio zilizofanyika Qingdao, katamarani za aina ya Tornado zilikuwa na haki ya kubeba tanga kubwa la mbele la kushukia na upepo. Wamarekani walitegemea upepo hafifu, wakaleta tanga dogo na bapa zaidi ambalo lingewasaidia hata kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo. Lilikuwa halali kwa kanuni za aina ile, lakini wenzao walinung'unika sana. Upepo wa siku za mwisho haukuwa ule waliousubiri, na dhahabu ikaenda Hispania. Manung'uniko yale yangeepukika kama kanuni ingetaja umbo la chini kabisa la tanga pamoja na ukubwa wa juu. Sisi hatuna matanga mawili, tusiyakaribishe.

Hatua ya 5: Uzito wa chombo na uzito wa watu

Ngalawa nyepesi hukimbia, na njia rahisi ya kuipunguza uzito ni kuuchonga mwili mpaka uwe mwembamba kama ganda. Huko ni kuharibu chombo cha riziki kwa ajili ya kombe la siku moja. Ndiyo maana kanuni huweka uzito wa chini.

Mizani tunayo. Mikoa yetu ni ya korosho, na kila AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ina mizani ya jukwaa. Ombeni mbili kabla ya mnada kuanza, wakati bado zimepumzika, na angalieni stika ya Wakala wa Vipimo iwe ya mwaka huu. Mwili wa ngalawa ni mrefu mno kwa mizani moja: wekeni omo juu ya moja na tezi juu ya nyingine, mbao ndogo zikiwa katikati ili mwili usiguse ukingo, na mjumlishe namba mbili. Matengo, mirengu, mlingoti, foromali na usukani vipimwe na kuongezwa. Tanga na kamba zisihesabiwe, maana hubadilika kwa unyevu.

Na unyevu ndio mtego mkubwa. Mti uliotoka majini asubuhi na mti uliokaa juani siku tatu si kitu kimoja. Mwenye kuijua siri hii huiloweka ngalawa yake usiku kucha, ipite mizani, kisha huikausha. Dawa ni moja: ngalawa zote zipandishwe pwani siku moja, saa moja, zipinduliwe, na zipimwe kesho yake. Asiyepandisha wakati huo apimwe baada ya wengine, naye aongezewe kilo mtakazokuwa mmekubaliana kwa maandishi.

Aliyepungukiwa uzito aongezewe. Mzigo wa nyongeza uwe jiwe au chuma, ufungwe katikati ya chombo na mpimaji mwenyewe, na fundo lipakwe rangi. Usiwe mfuko wa mchanga: mchanga mkavu ukilowa huongezeka, ukitoboka hupungua. Na usiwekwe omo wala tezi, kwani uzito wa mwishoni hukifanya chombo kirushe na kugonga mawimbi, nanyi mtakuwa mmemwadhibu mara mbili.

Kuhusu mabaharia, kusi likivuma wale wazito wana faida, wakikaa upande wa joshi (unakotoka upepo) chombo kinasimama; likitulia, wepesi wanawapita. Hobie 16 hutaka watu wawili wafike kilo 129.3 kwa pamoja, na wasiofika hubeba nyongeza. Formula 18, katamarani nyingine za watu wawili, walifanya jambo ninalolipenda zaidi. Jozi nzito hupewa matanga ya mbele makubwa, jozi nyepesi madogo, na hivyo wepesi hukimbia na wazito. Kwetu napendekeza hivi: idadi ya watu iwe moja kwa wote, watatu au wanne, na jumla ya uzito wao isipungue kiasi mlichokipata mlipowapima manahodha wenyewe. Wapimwe na nguo za kuendea majini zikiwa kavu. Hakuna kubadilisha mtu kati ya mizunguko ila kwa ugonjwa.

Hatua ya 6: Vya usalama visiwe mahali pa kubania uzito

Jaketi okozi kwa kila mtu, limevaliwa na kufungwa. Ndoo au kata ya kuvulia maji. Kafi mbili, zimefungwa chomboni. Vyote hivi vipo nje ya hesabu ya uzito wa chombo, ili asiwepo wa kuviacha pwani akitafuta wepesi. Kafi haiguswi: kanuni za kimataifa za World Sailing, ambazo hutolewa upya kila miaka minne na za sasa ni za 2025 hadi 2028, zinataka chombo kiende kwa upepo na maji peke yake, na kanuni yake ya 42 ndiyo inayokataza kusukuma kwa njia nyingine. Lakini anayekwenda kumwokoa mtu apige kafi mpaka mikono ichoke, na kamati imrudishie nafasi aliyokuwa nayo. Liandikeni hilo kwa herufi kubwa.

Mkikimbilia Mtwara kati ya Shangani na Msanga Mkuu, ujueni mlango ule ni njia ya meli. Taarifa iende bandarini mapema. Lindi, kati ya mjini na Kitunda, kuna pantoni na boti za abiria. Na popote mtakapokuwa, tazameni jedwali la maji. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mbio zilizopangwa bila kutazama kupwa huishia kwa ngalawa zinazoburutwa kwenye matope.

Hatua ya 7: Siku ya upimaji

Ifanyike siku moja kabla ya mbio, hadharani. Wapimaji wawe wawili kutoka vijiji tofauti, na nahodha asimame pale aone namba ikiandikwa. Tanga lililopita liandikwe kwa wino usiofutika kwenye pembe zote tatu: namba ya chombo, tarehe, saini mbili. Wino uvuke mshono, ili likiongezwa kitambaa ionekane. Mlingoti na foromali vipigwe mstari wa rangi mwishoni.

Mpimaji asitoe ushauri wa namna ya kwenda mbio zaidi, hata kwa kaka yake. Mimi nilijikuta nikimwambia binamu yangu tengo lake limekaa chini mno, na nikajitoa upimaji wa mwaka ule.

Tanga likichanika njiani, nahodha anaruhusiwa kulishona. Akitaka kuweka kiraka kikubwa kuliko kiganja, amwite mpimaji kwanza.

Hatua ya 8: Malalamiko

Anayemshuku mwenzake apandishe kitambaa chekundu akiwa bado majini, na akifika pwani aseme ndani ya nusu saa, kwa mdomo au kwa maandishi, ni kanuni gani imevunjwa. Kusema "ana mbio sana" si lalamiko. Kamati ya watu watatu, asiwepo jamaa wa yeyote kati yao, ipime upya mbele ya wote wawili. Chombo kilicholalamikiwa kisiondoke pwani wala kisiguswe mpaka hapo.

Adhabu zitofautishwe. Tanga lililozidi kidogo kwa sababu limevutika kwa matumizi, chombo kishushwe nafasi mtakazokuwa mmeandika. Tanga lililobadilishwa baada ya kupigwa wino ni udanganyifu, na mwenyewe atoke mashindanoni. Msiweke ada ya kulalamika. Ikiwepo, aliyeonewa akiwa hana kitu atanyamaza, na mwaka unaofuata hatajiandikisha, kama zile ngalawa za Mikindani.

Hatua ya 9: Mashua na ngalawa zikikimbia pamoja

Basi tumieni muda uliosahihishwa. Kila aina ya chombo ipewe namba. Chenye mbio kipewe ndogo. Chukueni dakika alizotumia, zidisheni kwa 100, gaweni kwa namba yake. Mashua yenye namba 95 iliyofika kwa dakika 62 inapata 65.3. Ngalawa yenye namba 103 iliyofika kwa dakika 66 inapata 64.1, nayo ndiyo imeshinda. Katamarani za Ulaya zimekuwa zikitumia hesabu ya namna hii kwa miaka mingi, na mfumo mmojawapo umechukua jina la kisiwa cha Texel huko Uholanzi, ambako boti za aina nyingi hukizunguka kisiwa pamoja. Namba zenu zitokane na mbio mbili tatu za majaribio, zitangazwe kabla, na zisibadilishwe siku ile hata kama mwenyekiti ana mashua.

Lini kanuni zitoke

Tukikimbia mwisho wa kusi, mwezi wa Septemba, kanuni zibandikwe Mei: kwenye ofisi ya kijiji, ofisi ya BMU, na pale mnadani samaki wanapouzwa, maana huko ndiko manahodha hukaa. Miezi hiyo minne inamtosha mtu kushona tanga jipya au kurefusha mrengu. Baada ya kubandikwa hakuna neno linaloongezwa. Wiki moja baada ya mbio kaeni na manahodha wote, walioshinda na walioshindwa, kila mmoja ataje kanuni iliyomuumiza, muandike mabadiliko ya mwaka unaofuata, na nakala mbili za daftari zihifadhiwe kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja.